Inchi Thelathini na Saba

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama King'ora, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi cherehani mwenye mikono myepesi, ila mjusi akikohoa tu ukutani, fundi ameshapanda juu ya meza ya kukatia nguo, sketi kaikusanya magotini, anapiga ukelele ambao mbwa wa mtaa wa pili walikuwa wanaujibu. Safari moja, kwa kijusi kisichozidi kidole, alipiga ukelele hadi polisi wa barabara kuu akasimamisha magari akidhani zimamoto wanapita. Kila mara mumewe, mwashi, mtu wa maneno machache, aliingia na fagio, akamtoa mjusi nje kama anayemsindikiza mgeni, kisha akamwambia mkewe: "Shuka. Amesema samahani."

Mwashi alikufa ghafla, mvua zilizopita, na tangu siku ya maziko fundi hakupiga kelele tena. Hata kulia hakulia sana. Watu walingoja, wakasema machozi yako njiani. Miezi minane ikapita, machozi hayakufika. Alikuwa anaamka, anafagia, anakaa kwenye cherehani, anakanyaga pedeli mpaka jua linatua, anakula alichokikuta, analala. Ukimuuliza habari, nzuri. Ungemwambia nyumba yake inaungua, angekujibu nzuri.

Mijusi ndio waliogundua kwanza. Mjusi ana masikio kumshinda mpangaji wa chumba cha pili. Waliona ukimya umezidi, wakafanya mkutano nyuma ya kabati, wakateremka. Wiki ya kwanza walikuwa darini, ya pili ukutani, ya tatu mezani. Mmoja mnene, mkia umekatika, alikuwa anaota jua juu ya cherehani yenyewe, anapandisha na kushusha kichwa kwa mwendo wa sindano kama msimamizi aliyeajiriwa. Fundi alikuwa anamsogeza kwa rula, anaendelea.

Basi penye mijusi wanene, mwenye kuwala hachelewi. Chini ya dirisha palikuwa na tundu ambalo mwashi hakuliziba. Nyumba za watu alizijenga kwa kamba na pima maji; yake akisema "kesho". Kesho hiyo ilidumu miaka kumi na moja. Mganga hajigangi. Asubuhi moja nyoka wa rangi ya udongo akapenya tundu hilo, akajinyoosha sakafuni kando ya ukuta, akatulia, mkia umebaki chini ya kabati.

Fundi alimwona. Akangoja moyo uruke. Haukuruka. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu alimwona nyoka mwenyewe, akamchukulia kama ung'ongo wa kusukia mkeka. Na kwa kuwa mkono wa fundi hauwezi kuona kitu kirefu ukakiacha hivihivi, alivua futi yake ya kupimia shingoni, akachuchumaa, akaitandaza sambamba na nyoka, kwa adabu, kama anampimia suruali.

"Thelathini na saba," akasema. "Bila mkia."

Akachukua chaki, akaandika kwenye kipande cha kitambaa.

Nyuma ya pazia alikuwamo mwalimu wa chekechea, anajaribu gauni lake jipya, limeshikizwa kwa pini tu, mkono mmoja bado haujawekwa. Alichungulia aulize kama kiuno kimekaa sawa. Hakuuliza. Alitoka mbio hadi barabarani, pini zinadondoka kama mvua, anamwita mama yake ambaye alikwisha kufa zamani.

Habari ikashuka naye mtaani. Kufika kwenye mashine ya kusaga, nyoka ana futi saba. Kufika sokoni, kumi na mbili. Kufika kwa kinyozi, ana ndevu. Na huyo asilaumiwe, kinyozi ndevu ndiyo kazi yake. Kabla ya saa sita ikafika zahanati alikofanya kazi binti wa fundi, muuguzi, mtoto wake wa pekee. Binti hakushtushwa na ndevu. Aliuliza jambo moja tu: "Mama alipiga kelele?" Wakamwambia hapana, alimpima. Akavua koti la kazi, akaomba ruhusa.

Alipofika, nyoka ameshajivuta mzima chini ya kabati, na mama yake anashona kola. Mlangoni amesimama jirani muuza mkaa, mwanamke mwenye mabega ya kubebea gunia, beleshi mkononi, analinda nyumba asiyotaka kuiingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, kuna nyoka humu ndani."

"Yuko chini ya kabati."

"Na wewe umekaa?"

"Kola ina haraka."

Binti akaingia chumba cha kulala kwa ncha za vidole, akarudi na begi, akaanza kulitupia nguo za mama yake bila kuzikunja.

"Leo unahamia kwangu. Mtu asiyemwogopa nyoka si jasiri, mama, ni mgonjwa. Siku moja utaumwa hapo ulipo, uendelee kushona mpaka udondoke."

"Na cherehani?"

"Tutaiuza. Kule ghorofani mwenye nyumba hataki mtetemo."

Fundi akaitazama miguu yake. Furaha hakuwa nayo kwenye ile pedeli, asimdanganye mtu. Lakini miguu yenyewe, kwingine kote, hakujua angeiweka wapi. Akaendelea na kola.

Muuza mkaa alimsoma usoni. Akainama, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwenzangu, piga kelele! Mtoto anataka kelele tu. Moja, kubwa, mambo yaishe!"

Hajamaliza, nyoka huyo akatoka, naye amechoshwa na ubishi wa watu. Binti, muuguzi, mchoma sindano wazee na wanajeshi, akajikuta juu ya meza ya kukatia, na ukelele alioutoa ukatikisa mabati; mtoto wa nyoka ni nyoka, na wa king'ora ni king'ora. Muuza mkaa akamkonyeza fundi: sasa! Fundi akafumbua mdomo kwa bidii yake yote.

"Ai," akasema.

Kama mtu aliyeguswa na pini. Beleshi likashuka mara tatu, na habari za nyoka zikaishia hapo. Majirani walioingia kumwona walizunguka kabati, wakainama, wakaulizana: "Na kipande kingine kiko wapi?"

Walipotoka, binti bado yuko mezani.

"Mama, ile ilikuwa nini?"

"Kelele."

"Kelele gani ile?"

"Ndiyo iliyopo."

"Hukuogopa hata chembe. Umetaka kunidanganya."

"Nimejaribu."

"Kwa nini?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Sitaki kwenda."

Miezi minane binti hakuwahi kumsikia mama yake akitaka kitu wala akikataa. Ukimpa chai, sawa; ukimnyima, sawa. Akashuka taratibu, akaketi juu ya begi, nguo ndani zikajikunja zaidi.

"Haya, baki. Lakini lile tundu lizibwe leo. Na kila jioni unanipigia simu, unaniambia kitu kimoja ulichokisikia siku hiyo, mwilini au moyoni, popote. Ukikosa siku mbili mfululizo, nakuja na gari la mizigo."

"Hata kiwe kidogo?"

"Hata kiwe kama haradali."

Muuza mkaa akaliziba tundu kwa kokoto na saruji ya kuomba. Lilivimba kama jipu, mwashi angelicheka, lakini liliziba.

Jioni ya kwanza fundi akapiga simu. "Njaa," akasema, akakata.

Jioni ya pili akasema, "Leo hakuna." Akaongeza, "Nimetafuta."

"Sawa, mama. Bado kesho."

Siku ya tatu binti alikuwa hajatoka kazini, simu ikalia.

"Nimekaa sana kwenye pedeli. Mguu umekufa ganzi."

"Mama, ganzi siyo kusikia. Ganzi ni kutosikia."

"Najua. Lakini nimesimama, sasa inatoka. Inachoma kama siafu."

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Usugue."

Fundi akailaza simu juu ya meza bila kuikata, akainama, akausugua mguu, na upande wa pili binti akasubiri.