Maombi Yangu Kwenye Darasa la Yoga

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimecheka hadi mbavu zikauma.

Jumamosi, wanawake wa chama chetu hapa Ruiru tuliletewa mwalimu wa yoga, msichana mpole, atufundishe mikao ya wanaoanza. Mkao wa mlima ulikuwa rahisi: simama wima, shusha mabega, pumua. Nikajiambia, kumbe nimefanya yoga kwenye foleni za benki miaka yote hii!

Kisha akasema, "Sasa mkao wa mtoto. Pigeni magoti, inameni mpaka paji la uso liguse mkeka, mfunge macho."

Mgongo wangu ukasikia raha ajabu. Lakini kanisani kwetu, ukishapiga magoti na kufunga macho, kila mtu anaomba kwa sauti, wote kwa pamoja. Sikungoja kuambiwa. Niliomba kwa nguvu, nikidhani wengine nao wanaomba. Nikashukuru kwa mgongo. Nikaombea watoto. Nikafika kwenye toba.

"Baba, nisamehe ile sufuria kubwa ya chama. Haikuibiwa. Niliunguza githeri, nikaitoboa nikiisugua, nikaificha chini ya kitanda. Amina!"

Nikafungua jicho moja. Wote walikuwa wamekaa wakinitazama, na mkeka wa kando yangu ulikuwa wa Mama Njeri, mwenyekiti wetu.

"Amina," akajibu polepole. "Sasa Mama Ciku, ukimaliza kupumua, twende tukaitoe hapo chini ya kitanda."