Fundi Sikio na Uzi wa Mkewe

Walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilivaa kama koti jipya. Kwa miaka mingi alilistahili. Ungemletea redio au spika, akainamisha kichwa, akafumba macho, akakutajia ugonjwa wake kabla hujamaliza kusalimia. Lakini kipaji kile kilikuja na ulimi wake. Mteja akieleza vibaya sauti aliyoisikia, fundi alimkata hapo hapo: "Ndugu yangu, hayo masikio umepewa au umeazima?" Watu walicheka, na aliyechekwa alicheka nao, maana kifaa chake kilikuwa bado mezani.

Mcheka kilema hafi hakijamfika. Fundi alikuwa na mazoea ya kuingiza kichwa karibu kabisa na spika iliyofunguliwa hadi mwisho, na spika zikamlipa. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege wa asubuhi, mluzi wa birika, kengele ya baiskeli. Sauti nene bado alizipata, tena kwa kiganja. Aliweka mkono juu ya sanduku la spika na mvumo ukampanda hadi kiwikoni. Zile nyembamba zilikuwa zimemfia kabisa. Hakumwambia mtu.

Mkewe aligundua mwenyewe. Alikuwa akipinda nguo za watu kwa mkono, na kiti chake kilikaa mlangoni mwa karakana, penye mwanga. Siku moja alimwona mumewe ameinamia redio inayopiga mluzi wa kutoboa kichwa, ametulia tuli, anataka kuifunga kama iliyopona. Akakohoa. Fundi akainua macho, akaiona sura ya mkewe, akairudia kazi. Alipogusa penye kosa mluzi ukakatika, na mke naye, kwa bahati tu, akakata uzi kwa meno. Ikawa ndiyo lugha yao. Uzi ukiwa mzima, kelele ipo. Uzi ukikatwa, kelele imekwisha. Hawakuwahi kulizungumza, si karakanani, si chumbani. Fundi alijifanya anasikiliza, kumbe anatazama meno ya mkewe.

Mtu mwenye shukrani angemheshimu aliyemsitiri. Huyu alifanya kinyume. Kadiri alivyomhitaji ndivyo alivyomkejeli mbele ya wateja, ili asije mtu akadhani anamtegemea.

Ndipo akaja mpiga gitaa mmoja, mtu ambaye bendi zote za mjini zilimwamini. Akimsifu fundi, fundi ameshiba, akimponda, amekwisha. Yeye na mpiga ngoma wake walibeba amplifaya ya zamani, ya zile zinazotumia vichupa vya glasi vinavyowaka ndani kama taa ndogo. Wakaitua mezani.

"Ina maradhi mawili, kaka," alisema mpiga gitaa. "Inavuma kama mzinga wa nyuki. Halafu juu ya mvumo kuna kitu kinakaanga. Chsss! Na hapo sijagusa hata waya mmoja."

"Niachie. Kaeni muone kazi."

Fundi aliichomoa kwenye umeme, akaifungua, akautoa kwanza moto wa umeme uliobaki ndani ya kapasita kubwa, vile vikopo vinavyouhifadhi, kwa kuwa moto huo huua mtu hata waya ukiwa nje. Kapasita zilikuwa zimevimba kwa uzee. Akaweka mpya, akawasha, akaweka kiganja juu ya sanduku.

"Nyuki wamehama," akasema. Na kweli walikuwa wamehama. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kikabaki kikaango. Fundi alishika kichupa cha kwanza, kile kinachopokea sauti ya gitaa, akakichomoa. Chsss ikakoma, na mlangoni uzi ukakatwa. Basi kosa lilikuwa hapo: ama kichupa chenyewe kibovu, ama rezista inayokilisha umeme imechakaa. Ataweka kichupa kipya. Sanduku likinyamaza, kichupa ndicho mwizi. Likiendelea kukaanga, mwizi ni rezista.

Alipokuwa akikitafuta kichupa kipya kwenye droo, mpiga ngoma alisema kwa adabu, "Shemeji anashona tu. Kelele za karakana hii hazikusumbui, shemeji?"

Fundi alimdakia neno mkewe kabla hajajibu. "Huyu? Masikio ya huyu ni ya kuning'inizia hereni. Namwita mara tatu ndipo ageuke. Yeye na sufuria, afadhali sufuria, ukiigonga inalia."

Wageni wakacheka. Mke akatabasamu kama kawaida yake, akatia uzi mwingine kwenye sindano. Ingeishia hapo pengine yangepita. Lakini fundi aliona amefurahisha baraza, akaongeza: "Angenyimwa mdomo akapewa masikio, leo ningekuwa nimeoa mtu."

Safari hii wageni hawakucheka sana. Mke hakutabasamu.

Kichupa kipya kikaingia, kikawaka. Sanduku likakaanga vile vile: chsss, chumba kizima. Mke akainua nguo mdomoni, akamtazama mumewe machoni, akakata uzi.

"Mnasikia?" fundi akajipangusa mikono. "Kimya kama kaburi. Kichupa kilikuwa kibovu."

Mpiga gitaa akalitazama sanduku, kisha akamtazama yeye. "Kimya?"

"Kimya, ndugu yangu. Au na wewe umeazima masikio?"

Mpiga gitaa akanyoosha mkono, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Kikaango kikawa mvua juu ya mabati. "Na sasa?"

Fundi alikiona kidole kwenye kitufe. Akageukia mlangoni. Mkewe alikuwa amekunja mikono mapajani. Akaweka kiganja juu ya sanduku, kiganja hakikumwambia neno.

"Sasa... pia."

Mpiga ngoma alipita nyuma yake, akapiga mluzi karibu kabisa na kisogo chake. Fundi hakugeuka. Akapiga tena. Hapo wote wawili wakapasuka kwa kicheko.

"Fundi Sikio! Sikio la kufa hilo, halisikii dawa!"

Waliondoka na amplifaya ikiwa wazi, skrubu mfukoni.

"Kwa nini?" fundi akauliza walipobaki wawili.

"Kwa nini nini?"

"Umekata uzi. Umeniua."

"Sijakuua. Nimekuacha usikilize mwenyewe." Akasogea mbele ya mumewe ili amwone midomo vizuri. "Nitakusaidia tena. Lakini utaniuliza kwa mdomo wako, mbele ya watu."

Fundi alikataa, na wateja wakakatika mmoja mmoja, kwa maana habari ilikuwa imeshazunguka. Mwishowe mama mmoja alileta redio, na fundi akatamka, kama mtu anayetema jino: "Mke wangu, bado inalia?"

"Inalia."

Yule mama akamgeuzia fundi bega, akaanza kumweleza mke ugonjwa wa redio yake.

Kosa la mume halimsafishi mke. Aliyeumizwa kwa kejeli alijua vizuri inauma wapi, na hakusamehe hata nukta moja. Ukifika karakana ile sasa, utamkuta fundi ameshika chuma cha kulehemia, na kiti cha mkewe kimehamia mezani. Fundi akigusa waya, mke hasemi upesi, ingawa amekwisha kusikia. Humwacha ainue macho, amtazame, asubiri, na mteja aone jinsi anavyosubiri. Ndipo husema.