Maji ya Miezi Tisa

Sisi tunamungoja Mufalme. Majirani wanatucheka, eti mufalme gani atakubali matope ya mitelemuko ya Bukavu! Wacheke tu. Wenzetu tulioachana nao wanasema atashuka kutoka mbinguni, mutu muzima na fimbo yake. Sisi tunasema atazaliwa tena, mutoto kama watoto wote, katika tumbo la mwanamuke yeyote, hata wa dini ingine. Ndiyo maana kwetu kila mwenye mimba anapigiwa magoti, na yule aliyemupigia anamuchotea maji mpaka azae. Shule niliiacha njiani, lakini desturi hiyo ninaijua vizuri, na sijaona ingine inayoishinda.

Asubuhi moja sokoni nikamuona maman muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Tumbo lilisukuma kitenge mbele, mukono ameweka mugongoni. Nikapiga magoti palepale kwenye maji ya samaki, nikasema kwa nguvu, "Karibu Mufalme, njia iko wazi!"

Wauzaji wakapasuka kwa kicheko. "Mufalme gani? Mule tumboni muko bugali tu!"

Yeye hakucheka. Akainama, akaniambia polepole, "Simama, mwanangu. Tangu niolewe, humu hamujaingia mutu." Akajifunika vizuri, akaacha sahani zake za sambaza, akaenda. Kesho yake nafasi yake ilikuwa tupu. Keshokutwa vilevile.

Nikalia mbele ya maman yangu, ambaye ndiye anaongoza wamama wetu.

"Ulisalimia kwa nguvu?"

"Soko lote lilisikia."

"Basi salamu ya Mufalme hairudi mufukoni. Beba bidoni, umupelekee maji."

"Maman, lakini hana mimba!"

"Nimekuuliza kama iko na mimba?"

Nikabeba mpaka kwa yule maman wa sambaza. Siku ya kwanza alichungulia mulangoni. "Umekuja kunicheka tena?"

"Hapana, maman. Nimeleta maji."

Akafunga. Wiki nzima nilikuta bidoni imejaa vile nilivyoiacha. Halafu asubuhi moja nikaikuta tupu, imesuguliwa, imegeuzwa ikauke. Nikakimbia kuijaza tena! Siku chache baadaye akarudi sokoni. Walipoanza tena mambo ya bugali, akawajibu, "Nyamazeni. Ninyi nani anawachotea maji?"

Mwezi wa tisa tangu ile salamu ukafika. Kwetu wamama wanaenda na nyimbo mpaka mulangoni kuuliza nani amefika. Mimi nilijiuliza: je, akiona ni dharau ya pili? Maman yangu akauliza kama anavyouliza kila nyumba:

"Nani amefika?"

Mulango ukafunguka. Maman sambaza alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Ni mimi."

Halafu wamama wote wakajibu lile jibu tunalomupa kila mutoto, "Hatujui kama ni yeye. Tutamulea!" Aliimbiwa mpaka majirani wakatoka nje, na siku ile hakuna aliyecheka. Nilisimama kati ya watu wangu, kichwa juu.

Kesho yake nikamukuta kwenye foleni ya robine, bomba la maji la mutaa, mbele yangu, na bidoni yake mwenyewe.

"Maman, hiyo ya nani?"

"Ya binti ya muuza makaa. Iko na mimba, jana nilimupigia magoti." Akanikonyeza. "Lakini mimi nilimuuliza kwanza."