Mama Wadogo Watatu Katika Picha Moja

Mama mkubwa alikataa kurudi kutoka Mtwara mpaka aione nyumba. "Niletee picha," aliniambia kwenye simu. "Na asipige mdogo wangu. Yeye akipiga, sebule inakuwa kisima."

Ni kweli. Kwenye picha za mama mdogo, ama dirisha linawaka jeupe, ama chumba kinazama gizani. Dada hawa wawili walilelewa ndani ya kuta zile za mawe, wakatengana wakati wa kukimbia vita. Mdogo alirudi Mocímboa, ng'ambo ya mto Ruvuma, akazipaka kuta chokaa peke yake. Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: dada yake arudi.

Nikafika asubuhi na kamera na miguu yake mitatu, moyo unaruka kama wa mtu anayekwenda harusini.

"Kamera haisogei," nikamweleza. "Inapiga picha tatu. Ya giza ishike bahari ya dirishani, ya kati, na ya mwanga mwingi ishike pembe za chumba. Kwenye kompyuta nazipandanisha, kila moja natoa kizuri chake."

"Kumbe ndivyo maharusi wanavyopata ngozi ile!"

"Sasa toka, mama, nyumba ibaki tupu."

Akanikazia macho. "Tupu? Dada yangu aone mkeka umetandikwa hauna mtu? Atadhani kuna msiba!"

Basi akaketi mkekani, kanga mpya, kidevu juu. "Usitikisike," nikamwomba. "Mimi jiwe," akasema.

Nikaitegea kamera ipige yenyewe, ikipumzika kidogo kila baada ya picha, nikajificha nyuma ya mlango wa chumbani nisiingie pichani. Nikasikia mlio wa kwanza. Kisha, "Hodi!" kutoka barazani, na "Karibu!" ya mama. Mlio wa pili. Kisha mtu akamsabahi kutoka dirishani, na mama akamjibu, akamuuliza na hali ya watoto. Mlio wa tatu.

"Mama! Si ulisema wewe jiwe?"

"Ulinikataza kutikisika. Hukunikataza kuitikia salamu."

Nikafungua kompyuta palepale. Nikazipandanisha picha, na ghafla bahari ikaingia dirishani, buluu kabisa! Pembe zikajitokeza moja moja. Nikaongeza tofauti ya mwanga na kivuli, kidogo, kidogo tena, mpaka alama za brashi ya mama zikaonekana kwenye chokaa. Nilitaka kupiga vigelegele. Na humo sebuleni walikuwamo mama wadogo watatu: mmoja mkekani, mmoja mlangoni, mmoja dirishani, wote wanapitisha mwanga kama moshi.

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaanza kuwafuta wawili.

"Acha!" mama akanishika mkono. "Waende wote. Ajue nyumba ina watu."

Tukaituma. Simu ikalia kabla hatujanyamaza. Mama mkubwa alikuwa akicheka hadi anakohoa.

"We mdogo wangu! Huyo wa mlangoni anampokea nani?"

"Jirani."

"Na wa dirishani?"

"Jirani mwingine."

"Na huyo wa mkekani?"

Mama mdogo akarudi kuketi mkekani. "Huyo anakungoja wewe."

Kicheko kikakatika. Tukamsikia akivuta kamasi, kisha akapandisha sauti. "Mwambie aondoke hapo! Upande huo wa mkeka ni wangu tangu utoto. Wiki hii navuka Ruvuma, nisimkute!"

Mama mdogo, aliyekuwa ameketi palepale, akasogea.