Kokubanza na Mayai ya Bumbire

Zamani kwetu Buganguzi wanawake hawakula mayai. Tulikula sisi wanaume, na mimi nilikula kwa niaba ya ukoo mzima. Ukaja ujamaa, nesi wa zahanati akapita nyumba kwa nyumba akihimiza wajawazito wale mayai, mila iwekwe kando. Dada yangu Kokubanza alikuwa amezika watoto wawili waliozaliwa dhaifu. Alitaka huyu wa tatu, aliyekuwa tumboni, aishi. Akachemsha yai la kuku, akala.

Hata hajalimaliza, midomo ikavimba, kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Nilisema mimi," akasema mama mkwe wake, Ma Felicitas, bila kuinuka mkekani. "Mila imekukaba koo."

"Ma Felicitas, mila haina mikono," nikamjibu. "Yai la kuku tu ndilo halipatani naye. Mimi niliyefika darasa la nne nitamtafutia jingine."

"Darasa la nne lile ulilokaa mpaka ukaota ndevu?"

Tukajaribu la bata. Akawashwa mwili mzima, akajikuna kwa gunzi la mahindi. La kanga likamtapisha. Basi nikashuka ziwani, nikavuka na mvuvi mmoja, Bartholomayo, hadi kisiwa cha Bumbire, kutafuta mayai ya mnandi, yule ndege mweusi anayepiga mbizi akivua samaki. Bartholomayo alinionyesha viota, ila hakugusa kitu.

"Sisi huku hatuyali."

"Kwa nini?"

"Yana wenyewe."

"Hata ya kuku yana wenyewe!" nikamcheka, nikajaza kapu.

Kokubanza akala la kwanza. Tukamkodolea macho. Midomo haikuvimba, pumzi ikatoka safi. Nilitembea kijiji kizima nikijisifu.

Asubuhi yake mnandi mmoja alikuwa amesimama juu ya mgomba kibanjani, shambani mbele ya nyumba ya dada, mabawa wazi kama shati lililoanikwa, akiutazama mlango. Ziwa liko mbali nasi, chini kabisa ya mteremko. Nikamrushia donge la udongo, likampata kifuani. Hakutikisika. Dada alipokula la pili, wakawa wawili. Kila yai likaongeza ndege. Hawakulia, hawakutafuta chakula. Migomba ikapinda kwa uzito wao, na maji ya mtungini yakaanza kunuka samaki.

Hata mimi, shujaa wenu, nikawa napitia mlango wa nyuma.

"Yaache hayo mayai, mwanangu," Ma Felicitas akamsihi Kokubanza, sasa bila kejeli. "Wanahesabu."

"Nikiyaacha, huyu atazaliwa kama wenzake."

Kapu lilipoisha alitoka mchana kweupe, tumbo mbele, akasimama katikati yao.

"Waitu," akawaambia kwa heshima, "niliyokula yalikuwa yenu. Huyu ni wangu."

Shingo zote zikageuka kwa pamoja, zikamwelekea tumboni.

Byabato alizaliwa mzito, mwenye sauti ya kuamsha jirani. Ndege hawakuondoka. Kokubanza akatoa kigoda nje, akawa anamnyonyesha mbele yao, macho kwa macho, mwezi baada ya mwezi. Siku mtoto alipojifunza kutambaa, aliteleza kutoka mapajani akaelekea mgombani. Ndege wakashuka wote, wakamzunguka, wakafunga mabawa.

Kokubanza hakupiga kelele. Aliingia katikati ya ule weusi polepole, akamwinua mwanawe, akambana kifuani.

Wakampisha.

Mimi? Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikilinda mlango wa jikoni.