Pasi ya Laini ya Juu

Mtunza mtambo wa umeme wa maji, ule tulioachiwa hapa kijijini Isongole ushirika ulipokufa, haangalii mita. Maji yakipungua, hulaza kiganja juu ya mtambo, hufumba macho, kisha husema, "Mama Tulia amewasha pasi. Mwambieni azime, watu wanasaga." Hajawahi kukosea. Jana kiganja kilikawia. "Pasi," alisema. "Laini ya juu." Tukatazamana, maana huko juu pasi ni moja tu, ya nyumbani kwake, na mkewe aliondoka tangu masika. Aliutoa mkono, akaurudisha, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejua. Foleni ya mahindi ilifika nje. Akazima mashine ya kusaga. "Subirini kidogo, jamani," alisema. "Acheni amalize."