Zuhura, kitabu chetu hakina mwisho

Mkono unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Zuhura. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Jumatatu asubuhi alikuwa ananigombeza kuhusu deadline. Jana tumemzika kwao Kondoa.

Presha, wamesema. Alianguka jikoni kwake Makole, hakuamka tena. Mtu mwenye kelele zile ameondoka kimya kimya hivyo, jamani!

Kwa msiomjua: ndiye aliyekuwa anafufua zile riwaya za Kiswahili ambazo wazazi wetu walizisoma kwa kujificha. Za wapelelezi, za mizimu, za watu waliosafiri mwezini. Vitabu vidogo vya jalada laini, karatasi imeshakuwa njano, waandishi wake hakuna anayewakumbuka. Alivisaka kwenye masanduku ya watu, akaitafuta familia ya mwandishi mpaka ikubali, ndipo tukachapa upya. Yeye alinakili kwenye kompyuta, mimi nilihariri, mwenzetu Elia alisimamia mashine ya kuchapa.

Ofisi yetu iko Kizota, ukuta kwa ukuta na wachomelea vyuma. Zuhura alikuwa anasoma proof, zile kurasa za kukagua kabla ya kuchapa, kwa sauti, akishindana na grinda yao. Ikifika sura ya mwisho mafundi walizima grinda ili wasikie muuaji ni nani.

Na uoga wake sasa! Mtu anachapisha vitabu vya kutisha halafu analala taa inawaka. Nilimwambia, "Shosti, utatumaliza kwa umeme."

Akanijibu, "Wewe hujafika sura ya nne."

Shida ya vitabu hivi ni mwisho. Kurasa za nyuma ndizo huchanika kwanza, zikafungiwa karanga, zikasokotewa tumbaku. Wauza vitabu vya mitumba nao wana ujanja wao: kitabu kikikosa mwisho, wanakishonea mwisho wa kitabu kingine, kinaonekana kizima.

Ndivyo tulivyoumbuka mwanzoni kabisa. Mpelelezi anamsaka mwizi wa almasi kitabu kizima, sura ya mwisho ghafla yumo kwenye chombo, anaelekea mwezini! Zuhura alinakili yote kwa furaha, akasema mwandishi huyu alikuwa na akili nyingi. Na sisi tukakubali. Vitabu vimeshatoka mashineni, mjane wa mwandishi akapiga simu. "Wanangu, mume wangu hakuwahi kumpeleka mtu mwezini."

Tulicheka mpaka machozi. Zuhura ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alikusanya vitabu vyote, hakikuuzwa hata kimoja, akasema, "Hatumshonei tena mtu mwisho usio wake."

Kitabu tulichokuwa nacho safari hii ni cha kutisha, na kinakatika katikati ya sentensi. Mlango unagongwa, mwanamke anaufungua, karatasi inaishia hapo. Mwandishi alishafariki. Binti yake ametupa ruhusa, lakini nakala hana.

Tukasikia kuna mwalimu mstaafu Kibakwe alikisoma akiwa shule ya bweni. Tukapanda hadi huko. Shikamoo mwalimu, marahaba karibuni, ugali na mlenda kwanza. Kisha akaanza kusimulia. Anakumbuka kila kitu, hadi jina la paka! Hadithi ilipofika pale mlangoni, akaishia hapo.

"Nani alikuwa mlangoni, mwalimu?" Zuhura akauliza, amesogea hadi ukingoni mwa kiti.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Niliogopa, nikakifunga. Nikampa mwenzangu, na yeye akakifunga."

Zuhura alicheka njia nzima ya kurudi. Ila tulipokaribia mjini akaniambia, "Tutaendelea kutafuta. Tukikosa, kitoke hivyo hivyo."

Sasa tangu jana usiku simu yangu haipumziki. Elia, ambaye nampenda kama kaka, ameniambia, "Dada, malizia wewe. Kurasa chache tu, kwa heshima yake. Tukitoa kitabu nusu, watu watakirudisha." Group yetu ya kazini nzima iko upande wake.

Nimemkasirikia, halafu nimelia. Kwa sababu naweza. Nimekaa na mwandishi huyu muda mrefu, najua sentensi zake zinavyokwenda, na hakuna ambaye angegundua. Hilo ndilo linaloninyima amani.

Jana wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani na mama yake. Mimi nilikuwa nawaza giza tu. Mtu aliyeogopa giza namna ile!

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, kile kitabu alichokuwa anakihangaikia, alikimaliza?"

Nilishindwa kumwambia ndiyo, nikashindwa kumwambia hapana. Akawa ananipapasa mkono, kama vile mimi ndiye mfiwa.

Basi mama, jibu langu ni hili. Hakukimaliza. Na mimi sitakimaliza.

Elia kaka yangu, washa mashine. Kinatoka kama alivyokiacha, kinakomea palepale, "Akaufungua mlango, na aliyesimama pale alikuwa". Baada ya hapo karatasi nyeupe. Atakayekirudisha, akirudishe. Na wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna sanduku la vitabu vya zamani, naomba ulifungue.

Zuhura mwenyewe amekatika katikati ya sentensi. Naumia, na sina mwisho wa kumshonea.

Shosti, ukimkuta mwandishi wetu huko uliko, muulize nani alikuwa mlangoni. Leo asubuhi mafundi walizima grinda bila kuombwa, wakasimama pale dirishani, na hakukuwa na wa kuwasomea. Taa ya meza yako inawaka, nimemkataza Elia kuigusa.

Lala, mwoga wangu. Hatuizimi.